Mfanyakazi wa mshahara akiomba kupunguziwa saa za kazi: hatua za kumshughulikia

Mara nyingi ombi hili haliji kwa barua. Linakuja jioni, watu wameshaanza kufunga droo, mtu anasimama mlangoni na kusema, "Bosi, nina jambo dogo, ukipata nafasi." Jambo lenyewe si dogo hata kidogo. Amelilalia na kuamka nalo wiki nzima, amepiga hesabu za nyumbani mara tatu, na anaogopa utamwona mvivu au mtu anayetafuta mlango wa kutokea. Ndiyo maana neno lako la kwanza litabaki kichwani mwake kuliko barua yoyote utakayomwandikia baadaye.

Nimekaa kwenye kazi ya rasilimali watu miaka mingi. Wamenijia wazazi wa watoto wachanga, watu wanaouguza wazee wao, wanaosoma, wenye maradhi ya muda mrefu, na waliobakiza miaka michache kustaafu. Mipango iliyofanikiwa nimeiona, na iliyovunjika nimeiona pia. Iliyovunjika karibu yote ilivunjika kwa namna moja: saa zilipunguzwa, mshahara ukapunguzwa, kazi ikaachwa vilevile. Ukisoma haraka na kuruka hatua nyingine, tafadhali usiiruke hatua ya nne.

Hatua ya 1: Sikiliza, usikubali wala kukataa

Siku ya kwanza hutakiwi kuwa na jibu. Mwambie, "Nimekusikia, na nashukuru umekuja kuniambia mwenyewe. Niandikie kwa ufupi, tukae Alhamisi." Taja siku, na siku hiyo ikifika kaa naye kweli.

Mkikaa, muulize mambo matatu: anahitaji nini hasa, kuanzia lini, na kwa muda gani. Usichimbe maisha yake ya ndani. Sababu atakueleza kadiri anavyotaka mwenyewe, na kuna nyingine ambazo hupaswi kuzilazimisha, hasa za afya. Ila kuna swali la nne ambalo limenisaidia kuliko yote: "Katika ombi lako, ni sehemu gani haiwezi kubadilika?"

Kijana mmoja aliniomba siku nne kwa wiki badala ya tano. Nilipomuuliza swali hilo, alisema mama yake anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa nne hivi, na hakuna mwingine wa kumpeleka. Siku moja nzima ya mapumziko isingemfaa kitu. Alichohitaji ni asubuhi tatu. Yeye aliomba siku nne kwa sababu alidhani hilo ndilo ombi pekee ambalo ofisi inalielewa. Tusingekaa naye, tungempa alichoomba na angeendelea kuteseka.

Hatua ya 2: Tambua ombi ni la aina gani

Watu wanasema "kupunguziwa kazi" wakimaanisha vitu tofauti kabisa, na kila kimoja kina malipo yake.

Saa 32 kwa wiki badala ya 40 ni kupunguza saa, na kwa kawaida mshahara unashuka pamoja nazo. Saa 40 zilezile zikibanwa ndani ya siku nne za saa kumi kumi, hapo hakuna kilichopungua, na kumkata mtu mshahara ni kumwonea. Kuingia saa nne asubuhi na kutoka jioni zaidi ni kusogeza saa tu. Na mtu anayehitaji wiki sita amuuguze mtoto kisha arudi kama kawaida, huenda dawa yake ni likizo, si kubadilisha mkataba.

Angalia pia kama ombi limebebwa na ugonjwa, ulemavu, ujauzito au kunyonyesha. Katika nchi nyingi mambo hayo yana kinga yake kisheria, na ukiyashughulikia kama fadhila ya bosi unaweza kujikuta umevunja haki ya mtu bila kujua.

Hatua ya 3: Soma sheria na mkataba kabla ya kufungua mdomo

Anza na mkataba wake, kanuni za wafanyakazi, na makubaliano na chama cha wafanyakazi kama kipo. Halafu sheria ya nchi. Kwa wengi wetu sheria haimlazimishi mwajiri kukubali, lakini mabadiliko ya saa na mshahara yanahitaji ridhaa ya pande zote mbili na maandishi. Nchi zilizokwenda mbali zaidi zinafaa kutazamwa hata kama hazikuhusu, kwa sababu utaratibu wao ni mzuri.

Uingereza, tangu tarehe 6 Aprili 2024, mfanyakazi anaweza kuomba mabadiliko ya saa kuanzia siku yake ya kwanza kazini, mara mbili ndani ya miezi 12. Mwajiri anatakiwa kumaliza suala ndani ya miezi miwili, rufaa ikiwemo, na hawezi kukataa bila kwanza kuzungumza naye. Ujerumani wana sheria ya mwaka 2001: aliyefanya kazi zaidi ya miezi sita, kwa mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 15, anaomba miezi mitatu kabla. Mwajiri asipojibu kwa maandishi mwezi mmoja kabla ya tarehe iliyoombwa, saa zinapungua kama mfanyakazi alivyotaka. Kukaa kimya kunahesabika kuwa umekubali. Naipenda sana kanuni hiyo, kwa sababu maombi mengi hayauawi na neno "hapana", yanakufa ndani ya jalada.

Marekani kuna mtego wa aina yake. Mfanyakazi wa mshahara asiyelipwa saa za ziada lazima apate mshahara wake kamili kwa wiki aliyofanya kazi, huruhusiwi kumkata saa mbili leo na tatu kesho. Unaweza kumshushia mshahara kwa mpango wa kudumu unaoendana na saa mpya, lakini kwa sheria ya shirikisho kiwango cha chini ni dola 684 kwa wiki, na kiwango hicho hakigawanywi eti kwa sababu mtu anafanya nusu. Aliyekuwa anapata dola 1,200 kwa wiki akihamia nusu ya saa zake anapata 600, ameshatoka kwenye kundi hilo, na sasa saa zake za ziada lazima zihesabiwe na kulipwa.

Juu ya hayo yote kuna Mkataba namba 175 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1994, kuhusu kazi za saa pungufu. Una mawazo mawili ninayoyashika hata pale ambapo nchi haijauridhia: mtu asilipwe kwa saa pungufu ya mwenye saa kamili kwa sababu tu saa zake ni chache, na kuhama kutoka saa kamili kwenda saa pungufu kuwe kwa hiari. Hilo la hiari lina upande wa pili. Meneja anayemwambia mama aliyetoka uzazi, "Dada, kwa nini usipunguze siku tu upumzike?", anaweza kuwa anamsukuma, si kumsaidia. Ombi litoke kwake.

Hatua ya 4: Pima kazi, si saa

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Chukua karatasi, kaa na mfanyakazi na msimamizi wake, mwandike kila anachofanya kwa mwezi na saa zake. Msiandike majukumu yaliyo kwenye barua ya ajira, andikeni anachofanya kweli. Vitu hivyo viwili hupishana sana.

Wiki ya saa 40 ni kama saa 173 kwa mwezi. Tuchukue mhasibu. Kuandaa mishahara saa 16, kufunga hesabu za mwezi saa 40, malipo ya wauzaji saa 48, usuluhishi wa benki (kulinganisha vitabu vya ofisi na taarifa ya benki) saa 20, ripoti ya kila wiki kwa uongozi saa 16, vikao saa 14, na barua pepe na maswali ya watu saa 19. Jumla 173. Akihamia siku nne, lazima saa 35 hivi zitoke kwenye orodha hiyo, na ziwe na majina. Mkisema tu "tutaona" au "atajipanga", hakuna kilichotoka.

Sasa mnapita mstari kwa mstari. Ripoti ya kila wiki, je, uongozi unaisoma kila wiki? Ikiwa ya wiki mbili, saa 8 zimetoka. Vikao nusu anakaa tu akisikiliza, atolewe, saa 7 nyingine. Malipo ya wauzaji yanafanyika kila siku kwa mazoea. Yakifanyika Jumanne na Alhamisi, na karani akapewa kazi ya kukagua ankara, saa 20 zinatoka. Hapo una 35, na hakuna aliyebebeshwa kifurushi cha siri. Kufunga hesabu za mwezi hamkuigusa, kwa sababu haigusiki. Basi mkubaliane kwamba siku tatu za mwisho wa mwezi anakuja zote, na siku yake inasogezwa.

Kila kazi inayotoka ina njia nne tu: inafutwa, inafanyika mara chache, inakwenda kwa mtu mwingine, au inalipiwa mtu wa nje. Ile ya tatu iangalie kwa makini. Karani aliyepewa ankara naye ana wiki ya saa 40, na huenda tayari imejaa. Muulize yeye pia. Kama kazi mpya inampandisha majukumu, mshahara uliopungua upande mmoja unaweza kumlipa posho upande wa pili. Nimeona timu nzima ikimnunia mtu aliyepunguziwa saa, na kosa halikuwa lake wala lao. Mkubwa ndiye aliyegawa kazi bila kuuliza.

Nikueleze kilichonifundisha. Mahali nilipowahi kufanya kazi, tulimpa mhasibu Ijumaa zake. Barua ikaandikwa vizuri, mshahara ukashuka kwa asilimia 20, sote tukajiona waungwana. Karatasi hii ninayokueleza hatukuijaza. Malipo ya wauzaji yalikuwa yanaidhinishwa Ijumaa, na hakuna aliyekumbuka kuyahamisha. Baada ya miezi mitatu alikuja ofisini kwangu na simu mkononi, akaniwekea mezani nione. Ijumaa moja tu: simu kumi na moja kutoka ofisini, ya kwanza saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Akasema kwa upole kabisa, "Mama, nirudishieni tu mshahara wangu. Kazi yote tayari ninayo." Sikuwa na la kumjibu. Tulimlipa zile Ijumaa zote, tukaanza upya, safari hii tukianzia kwenye karatasi.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya fedha mbele yake

Saa 32 kwa 40 ni asilimia 80, na mshahara ghafi, yaani kabla ya makato, unakuwa asilimia 80. Hadi hapo kila mtu anaelewa. Kisichoeleweka ni fedha itakayofika mkononi.

Mahali kodi inapopanda kwa ngazi, mshahara ukishuka kodi inashuka kwa kasi zaidi, na hilo ni nafuu. Lakini makato yasiyobadilika hayajui kwamba umepunguza siku. Tuseme mshahara ghafi ni 100, kodi na michango ya pensheni ni 20, marejesho ya mkopo ni 25. Mkononi zinabaki 55. Sasa ghafi ni 80, kodi na michango imeshuka hadi 15, mkopo bado 25. Mkononi 40. Amekubali kupunguziwa asilimia 20, na kwenye mfuko wake imepungua asilimia 27. Mwonyeshe hesabu hiyo kwa tarakimu zake halisi kabla hajatia saini. Mtu akiigundua kwenye hati ya mshahara ya mwezi wa kwanza, ataona umemdanganya.

Likizo ya mwaka inachanganya watu bila sababu. Mwenye siku 20 kwa wiki ya siku tano ana wiki nne. Akihamia siku nne anapata siku 16, ambazo bado ni wiki nne, kwa kuwa akienda likizo ya wiki moja anatumia siku nne tu. Kosa ninalokutana nalo ni kumpunguzia hadi 16, kisha kuhesabu na ile siku asiyofanya kazi ndani ya likizo. Hapo umemkata mara mbili.

Sikukuu zinahitaji jicho la pekee. Kama sikukuu za mwaka ni 10, mwenye saa kamili anapata saa 80 za sikukuu. Haki ya mwenye asilimia 80 ni saa 64. Aliyechagua kupumzika Jumatatu anaweza kupoteza sikukuu nyingi kwa bahati ya kalenda, na aliyechagua Jumatano akazipata karibu zote. Zihesabu kwa saa na umalize ubishi.

Posho nazo uzitazame moja moja. Ya nauli inafuata siku anazokuja. Ya simu kwa kawaida haibadiliki, maana simu ni ileile. Bima ya afya ulizia kwa mtoa bima, kwani baadhi ya mipango inataka saa za chini ndipo mtu abaki mwanachama. Jambo zito zaidi ni mafao ya mwisho. Pale kiinua mgongo au pensheni inapokokotolewa kwa mshahara wa mwisho, mtu aliyefanya kazi saa kamili miaka 15 kisha nusu ya saa hizo kwa miaka miwili anaweza kulipwa yote kwa kipimo cha nusu. Andikeni mapema kwamba miaka ya saa kamili itahesabiwa kwa mshahara wa saa kamili. Sheria au mfuko wa pensheni ukiwa hauruhusu, mfanyakazi alijue hilo kabla ya kuamua.

Hatua ya 6: Toa uamuzi, na uuandike

Jibu lipo la aina tatu: ndiyo, ndiyo kwa namna tofauti, na hapana. Lile la katikati ndilo linalotoka mara nyingi kama hatua ya nne ilifanyika vizuri.

Ukikataa, toa sababu inayotokana na karatasi yenu. "Zamu ya usiku inahitaji wauguzi wawili wenye leseni na tunao wawili tu" ni sababu. "Tukikuruhusu wewe wote watataka" si sababu, ni woga, na kila anayesikia anajua. Wakitaka wote, kila mmoja utampima kwa kazi yake. Mwambie pia ni lini anaweza kuomba tena, na ni nini kikibadilika jibu nalo litabadilika.

Ukikubali, barua iwe fupi na isiyoacha pengo. Unaweza kuanzia hapa:

> Ndugu (jina),
>
> YAH: MABADILIKO YA SAA ZA KAZI
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu, pamoja na barua yako ya tarehe (…).
>
> Kuanzia tarehe (…) utafanya kazi saa 32 kwa wiki, Jumatatu hadi Alhamisi. Siku tatu za mwisho wa kila mwezi utakuwepo kazini, na siku yako ya mapumziko itasogezwa ndani ya wiki mbili zinazofuata.
>
> Mshahara wako ghafi utakuwa (…) kwa mwezi. Likizo, sikukuu na posho zitakuwa kama zilivyoorodheshwa kwenye kiambatisho A. Majukumu yaliyoondolewa kwako na watakaoyapokea yapo kwenye kiambatisho B.
>
> Mpango huu ni wa majaribio kwa miezi mitatu. Utapitiwa tarehe (…). Kila upande unaweza kuomba kurudi kwenye saa za awali kwa notisi ya siku 30. Cheo chako na tarehe yako ya kuajiriwa havibadiliki.

Kiambatisho B ndicho kinachomlinda. Siku meneja mpya akija na kumuuliza kwa nini ankara hazijakaguliwa, atakuwa na cha kuonyesha. Wote wawili watie saini, nakala moja abaki nayo yeye. Mtu wa mishahara apewe yake kabla hajafunga mishahara ya mwezi, si baada.

Hatua ya 7: Waambie wenzake

Waambie ratiba na nani atafuatwa kwa jambo gani siku asipokuwepo. Sababu usiitaje, ni yake. Kwenye barua pepe aweke ujumbe wa kujijibu wenye jina la mtu wa kufuatwa, na kikao cha timu kilichokuwa Ijumaa kihamishwe.

Hatua ya 8: Fuatilia kwa macho, si kwa kuuliza tu

Ukimuuliza "vipi, mambo yanaenda?" atasema yanaenda. Anaogopa ukisikia tatizo utafuta mpango. Kwa hiyo angalia mwenyewe. Wiki ya nne na ya nane, tazama barua pepe alizotuma siku yake ya mapumziko, simu alizopigiwa, saa anazotoka. Mwambie kwamba utaangalia na kwa nini, ili asidhani unampeleleza. Ukikuta kazi imevuja kwenda kwenye siku yake, rudini kwenye karatasi na mtoe kitu kingine. Kisichotoka kilipiwe.

Tathmini ya mwaka ipime saa alizolipwa. Mwenye asilimia 80 akipewa lengo la asilimia 100 na kupata alama ndogo, umemwadhibu kwa ombi ulilolikubali. Nafasi ya kupanda cheo ikitokea, jina lake liwemo. Nimeona watu wazuri wakiachwa kwa maneno "yeye sasa hivi hayupo sana", na aliyesema hakuwahi kumuuliza kama anaitaka.

Hatua ya 9: Njia ya kurudi

Ujerumani tangu mwaka 2019, kwa waajiri wenye wafanyakazi zaidi ya 45, mtu anaweza kupunguza saa kwa kipindi cha mwaka mmoja hadi mitano na kipindi kikiisha anarudi kwenye saa zake kamili. Wewe huna haja ya kusubiri sheria. Weka tarehe kwenye barua, na iandike kwenye kalenda yako miezi miwili kabla, ili bajeti ya mshahara kamili iwepo. Yule kijana wa asubuhi tatu alipofiwa na mama yake, hakuwa na nguvu ya kuandika maombi ya kurudishiwa saa. Barua yake ilikuwa imeshasema kwamba atarudi siku atakayotuambia yuko tayari. Alikaa wiki tano zaidi, akapiga simu Jumapili jioni, na Jumatatu aliingia saa mbili.